Mchoro Unaosomwa kwa Kidole

Chukua noti ya shilingi 1,000 uliyolipwa sokoni Daraja Mbili, upitishe ukucha juu ya neno KENYA. Utahisi mkwaruzo. Karibu, taaluma yetu ya kuchonga noti inaanzia hapo.

Mkwaruzo huo ni wino uliosimama juu ya karatasi. Mchongaji hukata mistari kwenye bamba la chuma, kinyumenyume, kama sura ya kwenye kioo. Wino hujazwa mferejini, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi ikakandamizwa mpaka inyonye wino uliobaki ndani. Wanafunzi wanaotoka Tabaka, kwa wachonga mawe, hulielewa jambo hili mapema kuliko wenzao, ila kwanza hulielewa kombo. Kwao, sahani ya jiwe la Kisii hupakwa rangi, halafu ncha kali ikachora twiga, na mstari hutoka mweupe kwa sababu rangi imebanduliwa. Kwenye bamba la noti, kila unachokata kitatoka cheusi. Mkono ni ule ule. Macho ndiyo yanayopaswa kujifunza upya.

Taabu yote hii ya nini? Benki Kuu ya Uingereza ilipositisha kulipa dhahabu mwaka 1797, ilitoa noti za pauni 1 na 2 zenye maandishi meusi upande mmoja tu. Fundi wa kawaida wa mabamba aliziiga bila shida. Kufikia 1821, watu zaidi ya 300 walikuwa wamenyongwa kwa kughushi noti au kutumia za bandia. Mwaka 1819 mchoraji George Cruikshank alitoa noti ya kejeli yenye maiti zinazoning'inia, nami huifundisha kabla ya noti yoyote halali. Mwaka huo huo Jacob Perkins alivuka kutoka Marekani hadi London na ufundi wake: chuma hulainishwa, kikachongwa, kikakazwa tena, kisha mchongo mmoja ukahamishwa kwa rola hadi mabamba mengi yasiyopishana hata unywele.

Kwetu, noti za kwanza za Benki Kuu ya Kenya zilitoka mwaka 1966, zikiwa zimechapishwa na De La Rue ya Uingereza. Nyuma ya ile ya shilingi 10 wamo wachuma chai. Msomaji kutoka mashamba ya chai ya Kebirigo au Nyansiongo ana haki zaidi ya kuikagua kuliko profesa. Ukimpata mzee aliyeihifadhi, muombe kwa adabu, ujaribu ukucha kwenye uso wa Mzee Kenyatta, halafu uigeuze. Kwa kioo cha kukuzia, angalia vidole vya wachumaji vimeshikaje jani.