Chama cha viziwi kiongozwe na viziwi

Katika mkutano wa viziwi, anayeomba nafasi huzima na kuwasha taa ili macho yote yamgeukie. Viti hupangwa duara, kila mtu aone mikono ya mwenzake. Umeme ukikatika usiku, kama tulivyozoea Lubumbashi, mazungumzo nayo hukatika.

Wengi hudhani chama cha taifa cha viziwi ni shirika la kugawa misaada. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kuwawakilisha wanachama mbele ya serikali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijiunga nao mwaka 2015, unaitaka serikali ishauriane na watu hao kupitia vyama vyao. Mwaka 2018 kamati ya mkataba huo ilifafanua kuwa vyama hivyo ni vile vinavyoongozwa na wenye ulemavu wenyewe. Padri au mwalimu anayesikia, mwenye moyo mwema, anaweza kuanzisha shule nzuri, na tunamshukuru, lakini hilo halimfanyi msemaji wa viziwi.

Andrew Foster alikuwa tofauti: Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, kisha nyingine nyingi barani. Nguvu yake ilikuwa kwamba wanafunzi walimwona mwalimu kiziwi mwenzao.

Nchi nyingine zimetutangulia. Uganda ilikuwa na chama cha taifa tangu 1973, na Katiba yake ya 1995 ikaitaja lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya 2010 imeiweka miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Katiba yetu ya 2006 inataja Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Lugha ya alama haimo.

Pengo hilo linaonekana wazi wodi ya wazazi. Mama kiziwi wa Katuba au Ruashi, hapa Lubumbashi, akienda kujifungua bila mkalimani, mara nyingi mtoto wake mkubwa ndiye hutafsiri maswali ya damu na uchungu. Huo ni mzigo usiomfaa mtoto, na ni hatari kwa mama.

Kongo sasa ina sheria ya 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Inapotekelezwa Haut-Katanga, viongozi wa mkoa wawaite viziwi kabla ya kuamua lolote, na gharama ya mkalimani ilipwe na aliyeitisha kikao.