Hewa Isiyotoka: Kupima Mapafu Yaliyofura

Miongoni mwa wasomaji wanaouliza kuhusu kukosa pumzi, wengi huamini kwamba hewa haiingii kifuani, ilhali katika ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, unaowapata wavutaji wa sigara na pia wanawake waliopikia kuni miaka mingi katika jiko lisilo na dirisha, tatizo kubwa ni hewa isiyotoka.

Njia za hewa zilizosinyaa hujifunga mapema mtu anapotoa pumzi, na sehemu ya hewa hunaswa ndani. Anapopanda mlima na kuanza kuhema, muda wa kuitoa huzidi kupungua, mabaki hurundikana juu ya mabaki, na mapafu hufura hadi kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, kikawa bapa. Msuli uliokwisha kufupishwa hivyo hauna nguvu ya kuvuta tena, nazo mbavu zimekaribia kikomo cha kutanuka, kwa hiyo ubongo huamuru pumzi kubwa na kifua kikatoa ndogo, na tofauti hiyo ndiyo mgonjwa anayoihisi kama kukabwa. Kwa baadhi ya wagonjwa jambo hili huonekana kwa macho, kwani wanapovuta pumzi mbavu za chini huingia ndani badala ya kutanuka.

Ndiyo maana kifaa cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu, kinaweza kuonyesha asilimia 95 huku mgonjwa akitweta. Spirometa, kipimo cha kupuliza, huthibitisha kuziba iwapo hewa ya sekunde ya kwanza, baada ya dawa ya kutanua njia za hewa, haifiki asilimia 70 ya yote iliyopulizwa, lakini haioni hewa iliyobaki. Hiyo hupimwa katika kibanda maalumu kilichofungwa, ambacho hospitali nyingi hazina. Hata hivyo, spirometa hiyohiyo hupima hewa anayoweza kuvuta mtu kuanzia mwisho wa pumzi ya kawaida, na kiasi hicho kikipungua wakati wa mazoezi, mapafu yanafura. Ukali wa kukosa pumzi nao hupangwa kuanzia 0 hadi 4, na wa 4 ni yule anayehema hata akivaa nguo.

Wanaouza chupa za “kusafisha mapafu” wanawadhulumu wagonjwa, kwa kuwa hakuna mchanganyiko wa mizizi unaorudisha kuta za vifuko vya hewa zilizokwisha kuharibika, na uvumi wao kwamba dawa ya kuvuta humfanya mtu awe mtumwa wake huwafanya wengine waache tiba inayopunguza hewa iliyonaswa. Mgonjwa aepuke moshi, atumie dawa alivyoelekezwa, afanye mazoezi, na atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo. Midomo ikigeuka buluu au akisinzia kuliko kawaida, apelekwe hospitali mara moja.