Shingo ya tangi iliyooza hula faida ya pikapu

KWA mfanyabiashara wa Olbalbal, wilayani Ngorongoro, pikapu ni ghala, duka na mara nyingine gari la wagonjwa. Kilimo hakiruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, hivyo unga, mahindi, maharage na sukari hufuatwa Karatu, na mbuzi huteremshwa kwa gari hilo hilo kwenda mnadani. Gari likilala, biashara nayo imelala.

Wenye pikapu za zamani huangalia sana injini, breki na springi. Inayosahaulika ni shingo ya tangi, yaani bomba linalopokea mafuta mdomoni na kuyashusha tangini.

Lami inayopitia Karatu hufika lango la Lodoare. Kuanzia hapo gari hupambana na changarawe, na Olbalbal yenyewe ni bonde chini ya milima, mahali maji ya Korongo la Olduvai yanapoishia. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Katika pikapu nyingi bomba hilo hupita karibu na gurudumu la nyuma. Tope hurukia hapo, hugandamana na kutunza unyevu, na bati huoza taratibu bila mwenye gari kujua.

Dalili ni harufu ya mafuta kila baada ya kujaza na unyevu juu ya gurudumu. Mafuta yakitema mdomoni kabla tangi halijajaa, mara nyingi ni mrija mdogo wa kupumulia ulioziba au kujikunja.

Hasara yake si ndogo. Gari likimwaga lita 2 kila linapojazwa, na likajazwa mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne zimepotea lita 16. Mbaya zaidi, tundu linalotoa mafuta huingiza maji na vumbi. Kwa gari la dizeli, filta huziba kwanza, kisha huharibika pampu na noseli, ambazo matengenezo yake ni ghali mno kuliko bomba.

Kosa kubwa ni kuchomelea bomba likiwa bado kwenye gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kushika moto kwa cheche moja. Tangi la petroli lililomwagwa mafuta linaweza kuwa hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limebaki na mvuke. Moto wa mafuta hauna mzaha: Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, liliwaka na kuua watu zaidi ya 100.

Njia salama ni kuegesha gari mahali pa wazi, mbali na moto na sigara, na kuchomoa waya hasi wa betri. Mafuta yashushwe kwenye dumu lenye mfuniko. Tope lisafishwe kabla ya kulegeza klipu, lisije likaangukia tangini. Bomba likishatoka, mdomo wa tangi uzibwe kwa kitambaa safi.

Kutu ya juu juu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa, kisha rangi ya kuzuia kutu. Bomba lililotoboka ni bora libadilishwe kwa lingine zima, hata la mtumba. Likilazimu kuchomelewa, lioshwe, likaushwe na kupelekwa mbali na gari. Sabuni ya mche iliyosuguliwa kwenye tundu inaweza kumfikisha dereva Karatu, lakini si tiba.

Mpira unaounganisha bomba na tangi uwe wa mafuta. Mpira wa rejeta hufanana nao, lakini ukikaa na mafuta huvimba na kulainika. Ufungwe klipu pande zote mbili, kisha tangi lijazwe kidogo kidogo huku fundi akichungulia chini.

Baada ya hapo, kinga yake ni maji na dakika chache: kuosha tope nyuma ya gurudumu kila gari linaporudi, na kukagua mpira wa mfuniko kabla ya masika kuanza.