Dawa ya presha na sahani ya Songea: soma jina kwanza

Tuseme mama kaandikiwa dawa ya presha, karudi nyumbani Lizaboni, na swali la kwanza mezani ni hili: "Sasa nisile nini?" Kila mtu ana jibu. Jirani anasema aache ndizi. Dada kasoma WhatsApp kwamba balungi ni hatari. Mama mdogo kaja na chupa ya juisi ya choya, eti akinywa hiyo vidonge aviweke pembeni. Kabla hujamsikiliza yeyote kati yao, kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyeuliza: dawa yenyewe inaitwaje?

Maana "dawa ya presha" si dawa moja. Zipo zinazolegeza mishipa ya damu, zipo zinazotoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo, zipo zinazopunguza kasi ya moyo. Kila kundi lina njia yake, na chakula kinaigusa njia hiyo kwa namna yake.

Balungi

Mwaka 1989 watafiti wa Kanada, akiwemo David Bailey, walichapisha jambo lililowashangaza wenyewe. Walikuwa wanapima kama pombe inaathiri felodipini, dawa ya kulegeza mishipa, na ili kuficha ladha ya pombe walitumia juisi ya balungi. Kiasi cha dawa kwenye damu kikapanda kuliko walivyotarajia. Baadaye ikabainika kwamba chanzo kilikuwa balungi.

Inakuwaje? Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4. Kichukulie kama mlinzi wa getini: dawa nyingi zikifika, anazivunjavunja kabla hazijaingia kwenye damu. Kwa felodipini, ni kama asilimia 15 tu inayopita, na dozi imepangwa kwa kuhesabu hasara hiyo. Balungi lina kemikali zinazomlemaza mlinzi huyo, kwa hiyo dawa inapita kwa wingi. Presha inashuka kupita kiasi, kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu. Na usijidanganye kwamba utakula balungi asubuhi na kidonge jioni: mwili unahitaji kutengeneza vimeng'enya vipya, na hiyo huchukua siku nzima au zaidi.

Nifedipini nayo huguswa. Amlodipini huguswa kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa yake hupita getini hata bila balungi. Furungu na danzi nayo yana kemikali hizo. Chungwa tamu la kawaida halina shida hii.

Ndizi, parachichi na madafu

Vyakula hivi, pamoja na maharage, vina potasiamu nyingi. Enalaprili, kaptoprili, losartani na spironolaktoni hufanya figo zibakize potasiamu mwilini. Mtu mwenye figo nzima anaweza kula ndizi zake kwa kiasi cha kawaida. Hatari iko kwa mwenye figo zilizochoka, mara nyingi kwa kisukari cha muda mrefu, na kwa anayetumia ile "chumvi ya wagonjwa" iliyotengenezwa kwa potasiamu. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo yanavurugika, na wakati mwingine hakuna dalili ya mapema.

Sasa geuza upande wa pili. Furosemidi na haidroklorothayazidi huitoa potasiamu kwenye mkojo, na anayetumia mojawapo peke yake huenda ndizi ikamfaa. Kwa hiyo ushauri wa jirani unaweza kuwa sahihi nyumba hii na kosa nyumba ya pili.

Chumvi, pamoja na ile usiyoiona

Hapa jina la dawa halibadilishi kitu: chumvi nyingi hupandisha presha na kuipa dawa kazi ya ziada. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile ya samaki wa chumvi.

Halafu kuna magadi. Tunayaweka kwenye maharage yaive haraka, na kwenye mlenda. Hayana ladha ya chumvi, lakini yamejaa sodiamu, ileile inayopandisha presha. Mama anaweza kupunguza chumvi mezani huku magadi yakiendelea jikoni. Loweka maharage usiku kucha. Yataiva bila magadi.

Choya

Mama mdogo hajatunga. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, watu 65 waligawanywa makundi mawili. Waliokunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku, kwa wiki sita, namba yao ya juu ilishuka kwa takriban 7. Wengine ilishuka kwa takriban 1. Lakini hao presha yao ilikuwa imepanda kidogo tu. Mwenye 180 akipunguziwa 7 anabaki na 173, bado yuko kwenye hatari ya kiharusi. Na akinywa nyingi juu ya vidonge, presha inaweza kushuka mno. Ulanzi nao uko hivyohivyo: pombe hutanua mishipa, mtu anasimama ghafla na kuanguka.

Ufanye nini leo

Chukua pakiti, andika jina la dawa kwenye simu. Ukienda kliniki au duka la dawa, uliza matatu: dawa hii inywewe kabla au baada ya kula (kaptoprili, kwa mfano, hunywewa saa moja kabla ya chakula), chakula gani kinaigusa, na figo zilipimwa lini. Kama kuna choya au dawa ya mitishamba nyumbani, itaje bila aibu.

Na vidonge visiachwe kwa sababu mama "anajisikia vizuri". Presha mara nyingi haiumi. Huenda anajisikia vizuri kwa sababu hivyo vidonge vinafanya kazi.