Jeni za urithi na shinikizo la damu mapafuni

Ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaoziba njia za hewa kidogo kidogo kwa miaka mingi, uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani mwaka 2021, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani.

Moshi wa tumbaku ndio chanzo kinachofahamika zaidi. Moshi wa kuni na mkaa, katika jiko lisilo na pa kutokea hewa, nao umo.

Wagonjwa wengi huogopa kukosa pumzi. Lakini ipo hatari nyingine, nayo imo ndani ya mishipa ya damu ya mapafu.

Upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu kwenda mapafuni kuchukua oksijeni, na kwa kawaida hufanya kazi hiyo kwa shinikizo dogo. Sehemu ya pafu ikipungukiwa na oksijeni, mishipa yake hujibana ili damu ielekee penye hewa ya kutosha. Huo ni ulinzi wa mwili.

Hata hivyo, mapafu yote yanapopungukiwa na oksijeni kwa muda mrefu, mishipa hujibana kila mahali. Kuta zake huwa nene, shinikizo hupanda, na moyo hulemewa. Dalili mojawapo ni kuvimba miguu.

Kwa nini basi wagonjwa wawili wenye upungufu ule ule wa oksijeni hutofautiana sana kwa shinikizo hilo?

Mwaka 2003, watafiti wa Ufaransa walitoa sehemu ya jibu. Walichunguza jeni inayoongoza utengenezaji wa protini inayoingiza serotonini ndani ya seli. Serotonini hufanya kazi katika ubongo, lakini pia huchochea seli za misuli ya mishipa ya mapafu kuongezeka.

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Nakala huwa ndefu au fupi, na iliyo ndefu hutengeneza protini kwa wingi zaidi.

Miongoni mwa wagonjwa zaidi ya 100 wa Ufaransa na Uingereza, waliorithi nakala ndefu kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na shinikizo kubwa zaidi mapafuni kuliko wenzao.

Idadi hiyo ya wagonjwa ni ndogo, na jeni hiyo peke yake haiamui hatima ya mtu. Upungufu wa oksijeni ndio unaoanza kuidhuru mishipa. Urithi huzidisha au hupunguza madhara hayo.

Urithi haubadiliki, lakini upungufu wa oksijeni hutibika. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1981, wagonjwa 42 wenye upungufu mkubwa walipewa oksijeni kwa angalau saa 15 kila siku. Katika miaka 5 walifariki 19. Kati ya 45 ambao hawakupewa, walifariki 30.

Oksijeni hiyo hutolewa kwa agizo la daktari baada ya vipimo, kwani si kila mgonjwa anaihitaji. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa mapafu akiona miguu inavimba, au pumzi inazidi kupungua, amwone daktari apimwe oksijeni na moyo. Na anayevuta sigara, hatua ya kwanza ni kuiacha, awe amerithi nakala ndefu au fupi.