Waridi la Mwituni Lilivyowafaa Watoto Wakati wa Vita

Katika vita, madhara hayaletwi na risasi peke yake. Upungufu wa chakula bora nao huziandama nyumba zilizo mbali na mapigano. Hayo yaliwapata watu wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, wakati nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zikizizamisha meli za mizigo, na machungwa yakaadimika madukani. Ikahofiwa kwamba watoto wangekosa vitamini C, ambayo upungufu wake huleta kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, na vidonda huchelewa kupona.

Msaada ulipatikana vichakani. Kandokando ya mashamba ya nchi hiyo huota waridi la mwituni, lenye miiba iliyopinda kama kulabu, ambayo kwayo hujishika na kuparamia miti. Maua yake huchanua Juni na Julai. Yakishapukutika, hubaki vitunda ambavyo huiva na kuwa vyekundu majira ya baridi yanapokaribia. Kwa uzito ulio sawa, vitunda hivyo vina vitamini C nyingi kupita machungwa.

Mwaka 1941 serikali iliwahimiza wananchi wavichume. Kina mama, watoto wa shule na maskauti waliitika, wakakusanya tani 200 hivi mwaka huo, na zaidi ya tani 300 mwaka uliofuata. Viwandani ilitengenezwa shira ya kuwanywesha watoto wadogo.

Nyumbani nako shira hiyo ilipikwa. Ratili 2 za matunda zilisagwa na kutiwa mara moja katika painti 3 za maji yanayochemka, kwani yakikawia hewani vitamini hupotea. Baada ya robo saa yalichujwa kwa kitambaa kizito. Makapi yaliongezwa maji ya moto painti 1½, yakachujwa tena. Maji yote yalichemshwa hadi yakabaki painti 1½, ndipo ikatiwa sukari ratili 1¼, ikachemka dakika 5, kisha ikafungwa katika chupa safi zilizochemshwa.

Kuchuja huko si jambo la kupuuza, maana ndani ya tunda mna vinyweleo vikali viwashavyo koo na tumbo.

Hivyo mmea wenye miiba ukawa ngao ya watoto. Baba alipokuwa vitani, mama na wanawe nao walilinda afya ya taifa, kikapu mkononi.