AI wakati wa likizo: Mwanafunzi wa Tabora achague kambi ipi?

Kila ikikaribia Juni, matangazo ya kambi za akili mnemba, ile ambayo mtaani wengi wanaiita AI tu, huanza kumiminika Instagram na WhatsApp. Picha hazitofautiani sana: vijana wenye fulana za aina moja, nyuma yao jengo la chuo kikuu cha Marekani, na maneno kwamba nafasi ni chache. Ada imeandikwa mwishoni kabisa, tena kwa herufi ndogo.

Kwa familia ya Urambo au Kaliua iliyotoka kulipwa fedha za tumbaku, tangazo hilo linaingia wakati mbaya. Fedha ipo, mtoto anapenda Hisabati, na kila mtu anasema AI ndiyo ajira ya kesho.

Kwamba mtoto ajifunze akili mnemba, hapo hakuna ubishi. Cha kuangalia ni nani anayeuza mafunzo hayo, yanafanyika lini, na mtoto atarudi nyumbani na nini zaidi ya cheti.

Kalenda inagoma mapema

Kambi nyingi zimepangwa kwa kalenda ya Marekani na Ulaya, ambako shule hufungwa katikati ya mwaka kwa miezi miwili hivi. Tanzania, likizo ya katikati ya mwaka ni kama mwezi mmoja tu, Juni hadi mapema Julai.

Kambi ya wiki sita inayoanza mwishoni mwa Juni itamkuta mwanafunzi wa Tabora Girls au Milambo akitakiwa kuwa darasani. Waliochaguliwa kwenda kidato cha tano huripoti Julai. Waliomaliza kidato cha sita Mei, wengi wao huitwa JKT kwa mujibu wa sheria muda mfupi baada ya mtihani.

Halafu kuna maombi. Kambi zenye ushindani wa kweli hufunga milango mapema, nyingi kati ya Januari na Machi. Inayopokea watu hadi wiki ya mwisho mara nyingi inatafuta wateja, haitafuti wanafunzi.

Dirisha pana kuliko yote ni la mhitimu wa kidato cha nne. Anamaliza mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari, na shule inamsubiri hadi Julai. Hiyo ni miezi saba hivi mtu yuko nyumbani, na kwa kuwa wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu shuleni, kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kuwa na simu na muda kwa pamoja. Ajabu ni kwamba matangazo karibu yote yanalenga Juni, miezi ambayo kwa Mtanzania ndiyo finyu.

Jina la chuo kwenye fulana

Kambi kufanyika ndani ya chuo kikuu maarufu hakumaanishi kuwa chuo hicho ndicho kinachofundisha. Zipo kampuni zinazokodi madarasa na mabweni wakati wanafunzi wa chuo wako likizo, kisha zinaandika jina la chuo kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Si kosa kisheria. Ila mzazi anayelipa akidhani mwanawe amechaguliwa na chuo anakuwa amenunua kitu kingine.

Namna ya kujua ni rahisi. Kambi ya chuo chenyewe hupatikana kwenye tovuti ya chuo, si kwenye tovuti ya kampuni yenye picha ya chuo. Majina ya walimu yanatajwa na kazi zao zinaweza kutafutwa. Cheti kinasainiwa na idara inayojulikana. Ukiuliza wanafunzi wa mwaka jana walitengeneza nini, unaonyeshwa. Wakianza kuzungumzia mandhari ya bweni na safari za kutembelea mji, jibu limeshapatikana.

Bei nayo isimdanganye mtu. Research Science Institute, inayofanyika MIT na iliyoanza mwaka 1984, huchukua wanafunzi kama 100 tu kwa mwaka na haiwatozi ada ya masomo. Wanafunzi wa nje ya Marekani huingia kupitia utaratibu wa nchi zao, hivyo kwa kijana wa Tabora mlango huo ni mwembamba sana. Lakini inaonyesha jambo moja: kambi ngumu kuliko zote kuingia si lazima iwe ghali kuliko zote.

Mfano mwingine ni ule ulioanza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2015, kambi ya wiki mbili ya wasichana wa sekondari iliyoitwa SAILORS. Baadaye wazo hilo lilizaa shirika la AI4ALL, mwaka 2017. Wasichana hao hawakukaa kusikiliza mihadhara tu. Waligawanywa makundi madogo wakafanya utafiti wenye tatizo halisi, kwa mfano jinsi kompyuta inavyoweza kutambua kama wahudumu wa hospitali wananawa mikono. Makundi madogo, msimamizi anayejua kazi, tatizo la kweli: hapo ndipo kambi nzuri inapojulikana, iwe Stanford au Sikonge.

Jumlisha hongo zote kabla ya safari

Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilikuwa na hongo: ushuru uliolipwa kwa watemi ambao msafara ulipita kwenye maeneo yao. Mfanyabiashara aliyebeba mali ya kununulia pembe za ndovu tu, akasahau hongo, alikwama katikati ya safari. Na wapagazi wa Kinyamwezi, watu waliokuwa wameigeuza safari kuwa fani, walipatana ujira na posho kwanza ndipo wainue mzigo.

Kambi ya nje ina hongo zake, za halali kabisa. Ada ya dola 5,000, kwa kadirio la Sh2,500 kwa dola, ni Sh12.5 milioni. Pasipoti ni Sh150,000. Ombi la viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185, na fedha hiyo hairudi hata mtu akinyimwa viza. Usaili unafanyika ubalozini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Tabora, na mtoto chini ya miaka 18 huenda na mzazi au mlezi. Ongeza bima, nauli ya ndege na fedha ya matumizi.

Hii ni nchi ambayo Serikali imefuta ada ya shule za umma hadi kidato cha sita. Familia ambayo haidaiwi ada ya shule inaombwa milioni 12 kwa wiki tatu! Hesabu hiyo ifanywe mezani, mtoto akiwepo, kabla mtu hajalipa hata ada ya maombi.

Neno "ufadhili" nalo lisomwe polepole. Punguzo la asilimia 30 kwenye ada ya dola 5,000 bado linaacha deni la dola 3,500. Anayedai fedha itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi, au anayetaka picha ya pasipoti na cheti cha kuzaliwa kabla hajaeleza yeye ni nani, huyo aachwe.

Za bure zinazofundisha kweli

Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kilizindua kozi ya Elements of AI mwaka 2018 kwa lengo la kufundisha asilimia 1 ya Wafini misingi ya akili mnemba. Sasa iko wazi kwa dunia nzima, bure, na cheti chake pia. Sehemu ya kwanza haihitaji kujua kuandika programu. Sehemu kubwa ni maandishi na mazoezi, jambo linalomfaa anayehesabu bando.

Anayetaka kuingia ndani zaidi ana CS50 ya Harvard. Aanze na kozi ya msingi ya kompyuta, kisha ile ya akili mnemba kwa lugha ya Python, ambako mwanafunzi anatengeneza mwenyewe kompyuta inayocheza michezo na inayotambua alama za barabarani. Hapa wengi huchanganyikiwa: kupitia edX kuna cheti cha kulipia, lakini CS50 yenyewe hutoa cha kwake bure kwa anayekamilisha kazi zote. Si kozi ya kumaliza kwa wiki mbili. Video zake ni ndefu na zinakula data, kwa hiyo wenye akili husoma maelezo yaliyoandikwa na kuacha video kwa siku wanayopata intaneti ya uhakika.

Kozi zote mbili zinapatikana kwa Kiingereza. Kompyuta yenye nguvu sana si lazima, kwa sababu Google Colab inaendesha programu za Python kwenye kivinjari, kompyuta kubwa ikiwa kwingine. Simu peke yake inatosha kwa Elements of AI. Kwa CS50 itamtesa mtu; bora apatane na shule, maktaba au ndugu mwenye laptopu kwa saa chache za wiki.

Wasichana wana Technovation Girls, shindano la bure la wenye umri wa miaka 8 hadi 18, linalowataka watengeneze programu ya simu au ya akili mnemba kutatua tatizo la jamii yao. Wanafanya kwa timu, na wana washauri.

Mtihani wa Hisabati bado ndio mlango mkubwa

Mwaka 2025 Serikali ilitangaza Samia Scholarship Extended, ufadhili wa kuwapeleka wahitimu wa kidato cha sita nje ya nchi kusomea sayansi ya data, akili mnemba na fani zinazofanana nazo. Kabla ya kusafiri kulikuwa na kambi ya maandalizi katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Kigezo kilikuwa ufaulu wa juu kidato cha sita, hasa Hisabati ya juu. Cheti cha kambi ya kulipia hakikuwa sehemu ya sifa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tano Tabora Boys, mwenye D ya Advanced Mathematics na anayewaza kambi ya Juni, likizo hiyo inaweza kumlipa zaidi akiitumia kwenye hesabu. Akili mnemba yenyewe imejengwa kwa hesabu hizohizo. Uwezekano na matriksi ambazo mtu wa kidato cha nne amezisoma ndizo zinazotumika kila siku kwenye fani hii, na kalkulasi ya kidato cha tano ndiyo inayoeleza jinsi modeli inavyojirekebisha makosa. Kambi inayoahidi kumfanya mtoto mtaalamu wa AI bila hesabu yoyote inauza maneno.

Atoke na kitu

Wanaofungua milango hii, iwe ni kamati ya ufadhili au mwalimu wa chuo, huuliza ulifanya nini. Na kazi za kufanya zipo hapahapa.

Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya IITA, inatambua magonjwa ya mihogo kama batobato na michirizi ya kahawia kwa kutumia kamera, hata bila intaneti. Majaribio yake yalifanyika Tanzania. Kule Nelson Mandela, Dk Neema Mduma amefanya utafiti wa kutumia kompyuta kubaini wanafunzi walio hatarini kuacha shule, na mwingine wa magonjwa ya mimea. Hayo ni matatizo ambayo mtoto wa Uyui au Sikonge anayajua kuliko mwalimu wa kambi ya California.

Teachable Machine ya Google, ambayo ni bure na haihitaji kuandika programu, inamwezesha mwanafunzi kuifundisha kompyuta kutofautisha picha. Anaweza kuanza na majani ya mihogo shambani kwao, yenye ugonjwa na yasiyo nao. Au ajaribu tumbaku, ambako daraja la jani ndilo linaloamua bei na wakulima hulalamika kila msimu. Kazi ikikomaa, kuna Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, ambako wanafunzi wa sekondari huwasilisha utafiti wao chini ya mwalimu, na washindi wa juu wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu kupitia Karimjee Jivanjee Foundation.

Jaribio la kwanza litafeli, na hapo ndipo somo linapoanza. Modeli iliyofundishwa kwa picha za asubuhi tu inaweza kukosea jioni, mwanga ukibadilika. Iliyoona majani ya shamba moja inaweza kuyumba ikipelekwa kwa jirani. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa kurasa mbili ni picha ngapi alipiga, saa ngapi, modeli ilikosea wapi na alirekebisha nini, ana maombi ya kupeleka kambi yoyote ile, na hayo ataanza kuyaandika Desemba, mapema kabla milango ya Januari haijafungwa.